Mistari Uliyoifuta

Likasi, Jumatatu

Mudogo wangu Michée,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini homa imekuachia, na mjomba Kabongo na mahindi yake wanaendelea vizuri huko Kapolowe. Mama ana nguvu, anakuombea kila asubuhi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu wa damu yangu. Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei tena.

Unaijua programu ya damu tuliyoitengenezea kliniki. Muuguzi akimpa mgonjwa mfuko wa damu, script, yaani maagizo ya programu, inafanya kazi mbili: inauondoa mfuko kwenye hesabu ya friji, kisha inaandika jina la mgonjwa. Kazi hizo nilizifunga ndani ya transaction moja. Zikimalizika zote mbili, inakuja commit, zinahifadhiwa. Moja ikikwama, inakuja rollback, mfuko unarudi kwenye hesabu kana kwamba hakuna aliyeugusa. Nilikueleza hayo hadi sauti ikanikauka.

Wiki iliyopita umeme ulikatika wakati muuguzi Orpa anahifadhi. Mfuko ukatoka kwenye hesabu, jina halikuandikwa. Mchana akaletwa Henriette, mke wa Tshimanga anayevunja mawe Kakontwe. Alikuwa amejifungua nyumbani, na damu inamtoka bila kukoma. Orpa akatazama kompyuta: damu ya aina yake hakuna. Tshimanga akatumwa mjini kutafuta watu wa kutoa damu. Alikimbia kanisa hadi kanisa akiomba, na kumbe mfuko ule ule, ambao Orpa hakuwahi kuutoa, umelala ndani ya friji, nyuma ya ukuta wa chumba alimolazwa mke wake! Ni Orpa aliyechoka na kompyuta, akalazimisha friji ifunguliwe. Walikuwa wamechelewa. Henriette yuko hai, na mtoto wake wa kike pia, lakini ili kumwokoa daktari alimtoa kizazi. Huyo ndiye mtoto wao wa kwanza.

Nilipofungua script, mistari yangu ya kuzifunga kazi hizo mbili pamoja haikuwepo. Nikakupigia. Ukacheka. Ukaniambia mimi dada yako mkubwa, "Yaya, ile page ilikuwa inakawia, na wageni wa directeur walikuwa wanakuja kuiona. Minye nilitoa tu ile mambo yako, ikakimbia." Halafu ukakata. Wageni, Michée! Ulitaka wageni wakusifu, na hata neno moja hukuniambia.

Mistari nimeirudisha. Nilichomoa waya wa mashine kwa makusudi katikati ya kuhifadhi, na mfuko ukabaki kwenye hesabu. Tshimanga alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama siku ile programu ingeweza kufanya vilevile. Nikamjibu ndiyo. Akauliza ni nani aliyeibadilisha.

Directeur, mkuu wa kliniki, alitaka niseme ni umeme tu. Mama alinisihi, akilia, nisilitaje jina lako. Nimelitaja. Nimesema na mahali unapokaa. Mtu aliyekukabidhi barua hii ndiye Tshimanga. Hajaja kukupiga, anataka kusikia kwa kinywa chako. Mpe kiti, uzungumze naye ukimtazama usoni.

Mfikishie mjomba heshima zangu, na wote wa nyumba yake. Mungu akulinde, kwa maana bado u mdogo wangu.

Dada yako,
Providence