Sauti ya Muda Katika Mchezo wa Darubini

Nyumbani, chumba cha watoto,
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Nakusalimu sana, na kabla sijafika mbali nataka kujua: unalala? Unakula chakula cha moto, au bado unakula umesimama, koti la kazi mwilini? Mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umetulia? Nijibu yote, tena kwa maneno. Usinitumie ile alama yako ya dole gumba. Nimeandika kwa mkono ili usinipitie juu juu, na barua hii nitaipiga picha nikutumie leo leo.

Sisi huku ni wazima wa kusema mbele za watu. Wifi yako mzima, watoto wazima na kelele zao, mama mzima isipokuwa magoti. Mimi ndiye niliyechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Juzi nimesinzia kwa kinyozi, akaninyoa huku ananishika kichwa kisidondoke, mwisho akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Sababu ni ule ule mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza kazini. Unaukumbuka: mtoto anapewa darubini kubwa iliyokunjwa ndani ya roketi, anairusha mbali huko angani, halafu anaifungua kipande kwa kipande. Anaanza na pazia la kukinga jua, kwa sababu darubini ya namna hii inatafuta joto hafifu la nyota za mbali sana, na jua likiipiga inakuwa kama mtu aliyemulikwa tochi usoni. Pazia likishatandazwa ndipo anafungua vioo na kuvipanga. Ulipoondoka mambo haya yalikuwa michoro tu ukutani. Sasa unachezeka, na kila anayeuona ana la kusema.

Walimu wanataka maswali ya mtihani katikati. Wafadhili wanataka majitu ya kupigwa risasi. Nikawaambia huko darubini iliko hakuna wa kumpiga, kuna baridi na kimya tu, wakaniangalia kama nimewanyima chai. Mkuu wetu yeye hukubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Ijumaa tulipatana majitu yasiwepo, Jumatatu nikakuta jitu limechorwa, lina meno.

Lakini kilichonimaliza ni pazia. Tuligawa tableti za majaribio katika nyumba kadhaa, na kila moja hututumia taarifa ya pale mchezaji anapokwama. Fundi wetu wa kompyuta, mama mmoja mpole asiyependa kumkatisha mtu tamaa, akanijia akasema ipo tableti inakwama kwenye pazia kila siku, tena mahali pale pale. Nikapunguza nyaya za kuvutia pazia. Bado. Nikaweka mshale wa kuelekeza. Bado. Nikaufanya mshale uwake na kurukaruka, kitu ambacho hata kuku angekifuata, na bado. Nikaanza kuamini kwamba sijui kufundisha, na kwamba kuna mtoto mahali fulani analia kwa ajili yangu. Nilimwambia wifi yako naacha kazi. Akaniambia nile kwanza.

Mkuu naye akapata jibu lake: tatizo ni sauti. Yaani sauti yako wewe. Unakumbuka ulivyojifungia kwenye kabati, makoti yamekuzunguka ili mwangwi usiingie, ukarekodi maneno ya msimamizi wa darubini, yule anayemsemesha mchezaji? Tulisema ni sauti ya muda, fedha zikipatikana tutaajiri mtangazaji. Basi zimepatikana. Mtangazaji amesharekodi, sauti yake nzito, safi, haina kosa. Toleo jipya linaingia kwenye tableti zote Jumamosi ijayo, na lile lenye sauti yako linafutika. Sikupinga. Hata nguvu ya kupinga sikuwa nayo.

Jumatano umeme ukakatika ofisini, nikarudi nyumbani mchana. Wifi yako alikuwa uani anaanua nguo. Nikaingia huku chumba cha watoto nitafute mahali pa kujinyoosha, nikamkuta mama. Amekaa ukingoni mwa kitanda, miwani puani, tableti juu ya mto. Ni ile ya majaribio niliyowaletea wanangu, ambao waliichoka siku nyingi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nayo imo miongoni mwa zile tunazozifuatilia.

Nikasimama mlangoni. Mama akalivuta pazia upande usio wake, likajikunja, na hapo ukasikika wewe: pole, pazia limekwama, usijali, twende taratibu, anza tena na waya wa kushoto. Mama akaitikia, "Haya." Akavuta vibaya tena. Ukasema yale yale, naye akaitikia vile vile. Kisha ikaja ile ambayo mwishoni umecheka, siku hanga ya koti ilipokudondokea kichwani, nami nikasahau kuikata. Mama akacheka pamoja nawe, akafuta kioo cha tableti kwa upindo wa gauni lake, akaanza upya.

Nikasogea. Nikamwambia, kama mjinga, kwamba hapo anakosea, afuate mshale.

Wala hakushtuka. "Mshale nauona," alisema. "Nikipatia, ananyamaza."

Ni kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyepanga hivyo. Ukikosea unasemeshwa, ukipatia inalia kengele unapita. Nilikaa chini kwenye zulia. Siku zote hizo najivunja kichwa nimrahisishie njia mtu anayeijua kuliko mimi. Wifi yako, kumbe, alikuwa anajua. Alidhani najua pia.

Nakumbuka vizuri mlivyokatiana simu. Ulisema umeongeza mkataba wa kazi huko ugenini, mama akasema kama umeamua kukaa huko basi kaa, ukakata. Tangu siku hiyo salamu zenu zinapitia kwangu. Wewe: mwambie mama nipo salama. Yeye: mwambie mdogo wako nimesikia. Nimekuwa tarishi wa wakaidi wawili wenye simu zao mkononi. Lile neno lilimtoka mama kwa uchungu, Chiriku, na wewe nawe ulikata kwa uchungu. Sina nguvu za kumtafuta mwenye makosa, na kusema kweli hanihusu.

Nilimweleza mama kwamba sauti inabadilishwa. Akauliza lini, nikamwambia. Akasema sawa, mtangazaji naye ana watoto wa kulisha. Kisha akarudi kwenye pazia lake, nami nikatoka nje, nikaenda kumsaidia wifi yako kukunja mashuka ili nisionekane uso.

Fundi anasema ni jambo dogo, anaweza kuiacha tableti ya hapa isiguswe, ibaki na sauti ya zamani. Nimefikiri siku mbili, nimemwambia asifanye hivyo. Labda ni ukatili. Lakini sitaki mama azeekee kwenye kitanda hiki akikosea makusudi, ili mwanawe aliye hai, mwenye simu na namba, amwambie maneno yale yale aliyoyasema ndani ya kabati. Kwa hiyo ujue: kuanzia Jumamosi hata hapo hatakupata tena.

Shangazi anakusalimu sana. Viatu ulivyomtumia vinambana, anavivaa hivyo hivyo na kuwaambia watu vimetoka kwako. Mjomba fundi saa anakusalimu, na wifi yako anasema amekuwekea kitenge chako, panya hawajakigusa. Watoto wanauliza huko uliko kukoje, nimewaambia watakuuliza wenyewe. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na akupe usingizi mzuri kuliko huu wangu.

Mama hukaa peke yake kuanzia saa nane mchana. Piga kwenye simu yake, si yangu. Mwanzoni atajibu kwa mkato kama mtu mwenye shughuli nyingi. Usikate. Amenikataza kabisa nisikuandikie, kwa hiyo akikuuliza, mwambie ulimkumbuka tu.

Ni mimi nikupendaye, usingizi ukiwa umenijaa machoni,
Kaka yako.