Mama Masika, Msomaji wa Kila Herufi

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotuaga hapa Murara, na bado jioni mtu akisafisha koo tunageuka, tukidhani ni wewe unataka kuanza kusoma.

Sokoni walikujua kwa nguo. Ulifungua balo, robota la nguo kuukuu, kama mtu anayefungua zawadi. Ulikuwa ukimvalisha mtoto wa wakimbizi koti, kisha unamwambia mama yake kwamba limemkaa vizuri mno, haliwezi kuvuliwa tena. Ulipenda chai yenye tangawizi nyingi. Mtu akipiga miayo wakati wa sala, ulimkata jicho.

Leo tunataka kusema habari ya kitabu. Kilitoka ndani ya balo, katikati ya suruali za watoto: kitabu cha Kifaransa, chenye picha ya msichana mbele ya joka la moto. Wewe shule hukuiona. Kusoma ulijifunza ukubwani, parokiani, kwa kitabu cha sala cha Kiswahili. Basi kila mchana ulimwomba Mwalimu Anastase, jirani aliyekimbia kutoka Rutshuru, akueleze ukurasa mmoja. Jioni ukamsimulia binti yako Charline kitandani, kidole kikifuata mistari. Majina tu ndiyo uliyoyasoma mwenyewe. Ulisema jina halihitaji kuelezwa.

Msichana yule aliitwa Eauvive. Wafaransa hutamka Oviv. Wewe ulimtamka kama Kiswahili kinavyotaka, bila kuacha herufi hata moja: E-a-u-vi-ve. Huo ulikuwa mwaka 2008, vita vilikuwa vimetutoa Kibati na kutuleta hapa Murara, na mizinga ilisikika upande ule karibu kila jioni. Charline alikuwa mdogo, anashtuka hata sufuria ikianguka. Hakuna kilichomlaza ila kujua Eauvive amefika wapi.

Jioni moja Mwalimu Anastase alikusikia kupitia ukuta wa mbao. Kicheko kikamponyoka.

"Mama Charline, haiko vile! Inasomwaka Oviv!"

Parseli nzima ikacheka, nyumba zote za uani. Ukafunga kitabu. Aibu ilikushika, Mama, sote tuliiona.

"Kesho Mwalimu njo atakusomea," ulimwambia Charline. "Mimi najua ya nguo tu."

Charline hakulala. Na kesho yake Mwalimu, ambaye kicheko chake kilikuwa kimemgeukia kuwa majuto, alikuja kweli. Alisoma vizuri, Kifaransa kimenyooka, kisha akatafsiri. Watoto wa parseli walijaa mlangoni. Alipotaja jina lile mara ya pili, Charline akaketi kitandani.

"Huyo Oviv njo nani?"

"Njo musichana wako, mutoto."

"Hapana, huyo simujui. Mama, kuya usome! Eauvive alibakia ku mulango ya joka, peke yake, na hakuna mutu wa kumutoa pale!"

Mwalimu alicheka tena, safari hii mpaka machozi, akakurudishia kitabu kwa mikono miwili. "Mama, ni wewe njo unamujua. Mutoe pale."

Ukamtoa! Jioni baada ya jioni ulisoma, na mizinga ilipopaza sauti ukapaza yako, mpaka joka likashindwa. Watoto walipiga mbao za ukuta kama ngoma, na Charline alilala fofofo asubuhi ikamkuta hajageuka.

Lakini chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno makubwa ambayo hukuwa umeelezwa: À SUIVRE. Ukayasoma mwenyewe. "Asuivure."

"Huyo njo nani?" watoto wakauliza.

Ukafikiri kidogo. "Ni mutu mupya. Amefika sasa hivi. Kesho nitawaambia anatoka wapi."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alijua kuwa maana yake ni "itaendelea", katika kitabu kingine ambacho hatukuwa nacho. Akafunga mdomo wake, na kwa hilo tunamshukuru hadi leo.

Kesho yake Asuivure alitoka Butembo na mzigo wa nguo mgongoni. Alifika Vitshumbi, akavuka ziwa juu ya kiboko. Alilidanganya jitu lililokuwa likila barabara. Tulirudi Kibati, tukakimbia tena, naye hakuachwa nyuma hata mara moja. Yote yalitoka kichwani mwako, Mama, wewe uliyesema unajua ya nguo tu!

Charline alifahamu maana ya À SUIVRE akiwa sekondari. Alikuja nyumbani mbio akuambie. Akakukuta umezungukwa na watoto wa majirani, Asuivure amefungwa pangoni. Akavua viatu, akaketi kusikiliza.

Juzi alikuwa akiwalaza watoto wake. Mdogo, aliyekuita Tate, yaani bibi, akamwuliza, "Tate amekufa. Asuivure naye amekufa?"

"Asuivure?" Charline akasema. "Yeye sasa njo anaamuka. Musogee."

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi parokiani.

Tunaokukumbuka: mume wako Papa Evariste, watoto wako Charline na Luc, wajukuu wako, Mwalimu Anastase, ambaye sasa ni ndugu, na parseli nzima ya Murara.

Tunajivunia wewe, Mama, na tutakukumbuka siku zote.