Mikono ya Bi Mwajuma Mbele ya Kamati

Makole, Dodoma
Alhamisi, tarehe 11. Asubuhi upepo mkali na baridi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Hakuna wingu.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote walio chini ya bati lako. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Ulezi umeshapigwa au bado umeanikwa uani? Najua utasema hujambo hata kama hujalala usiku kucha, kwa hiyo Idi anipigie aniambie ukweli. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na si kwa kazi peke yake.

Barua hii umepewa na Bi Mwajuma kwa mkono wake. Najua tangu tumzike Mama mkubwa Zuhura hujaitikia salamu yake. Nakuomba usiiweke kando. Isome sasa hivi, yeye akiwa bado amesimama mlangoni. Hajui kusoma, na sikumsomea.

Nianze na jinsi alivyofika huku. Kuna kamati ya wabunge inayopitia namna nchi ilivyopambana na ule ugonjwa wa kifua: vifaa gani vilitolewa, vilifika wapi, na nani alivipokea. Wamewasikiliza wakubwa siku nyingi, na wote nimewamiminia chai. Wiki hii wakaita wananchi waliohudumia wagonjwa na maiti vijijini. Jumanne nikaingia na chupa ya chai, nikamkuta Bi Mwajuma amekaa kwenye kiti cha shahidi, kanga kaifunga vizuri, miguu haifiki chini. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Kiswahili chake unakijua, cha sokoni tu. Walikuwa wameleta kijana wa kumtafsiria, wakidhani kila bibi wa mkoa huu ni Mgogo. Kijana akamwinamia kwa heshima, "Mbukwenyi, bibi!" Bi Mwajuma akamtazama toka viatu mpaka nywele, akajibu, "Waaleykum salaam."

Watu wakacheka. Mbunge mmoja akasema, "Warangi wamejaa kila duka la mji huu, leo humu ndani tumekosa hata mmoja?"

"Mimi ni Mrangi, mheshimiwa," nikasema. Sijui nani alinituma.

"Basi weka chupa chini, binti. Chai itasubiri."

Mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, alikuwa na karatasi mkononi. Ni ile ile, Mama. Ile iliyosomwa kijijini baada ya msiba, inayosema waosha maiti wa kijiji chetu walipokea boksi la glavu, na chini yake dole gumba la Bi Mwajuma. Akamuuliza anaijua.

Bi Mwajuma akajibu kwa Kirangi, polepole, kama mtu aliyejisomea jibu lake njia nzima. Alisema hivi: "Naijua. Alikuja bwana mmoja na pikipiki, akatuambia tieni dole kwanza, boksi linafuata kesho. Nikatia mimi kwa niaba ya wote. Boksi halikuja. Tuliosha kwa mikono mitupu, mimi na Zuhura. Tulipotoka kumwosha mke wa mwalimu, siku ya tatu Zuhura akaanza kukohoa."

Wote wakanigeukia. Nyuma yangu walikaa wakubwa wa ofisi ninaowajua mpaka idadi ya vijiko vyao vya sukari. Nami nikasema, "Mheshimiwa, shahidi anasema kulikuwa na changamoto ya vifaa kuchelewa, lakini kazi iliendelea kwa ushirikiano."

Mwenyekiti akaandika. Akauliza, "Vilichelewa, lakini vilipokelewa?"

Nikajibu, "Ndiyo." Sikumuuliza hata Bi Mwajuma mwenyewe.

Usifikiri nilimwogopa mtu tu. Woga ulikuwepo, lakini kubwa ni kwamba sikumwamini. Nimekaa nyumbani kwako miaka yote hii nikisikia kwamba Mwajuma alizitwaa zile glavu, akavaa yeye, akamwacha dada yako. Nilipomsikia anakana mbele ya wabunge nilidhani anadanganya, nikaona nimsitiri kwa maneno laini ya ofisini. Nilidhani namfanyia wema.

Tulipotoka, kwenye korido akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "Kiswahili changu kibovu, lakini mikono naijua kwa Kiswahili. Nilikuwa nasubiri niisikie. Hukusema mikono. Nikasubiri jina la Zuhura, nalo halikupita. Ulisema nini hapo ndani?"

Nikamjibu nimesema yote.

"Haya," akasema. Basi.

Nilimleta hapa chumbani kwangu, maana mashahidi wenzake walikuwa wamepangiwa mbali. Alikunywa chai, akaswali. Mimi nikafungua sanduku, nikatoa madaftari yangu ya zamani, yale uliyokuwa unanitania kwamba naandika mpaka kuku akitaga. Nilitaka nipate kitu cha kunituliza. Nikaukuta ukurasa wa Jumapili ile, na naunakili kama ulivyo:

"Mawingu, manyunyu. Mama mkubwa na Bi Mwajuma wametoka kuosha maiti kwa mwalimu. Wamenawa uani kwetu kwa majivu na sabuni ya unga, mara tatu. Mikono ya wote wawili imebabuka. Nimewapaka mafuta ya mgando. Mama yuko shamba. Nimelala saa nne."

Wote wawili, Mama. Aliyevaa glavu mikono haimbabuki. Mafuta niliyapaka mimi mwenyewe, nikaandika, nikafunga daftari, nikasahau. Wewe umekaa na hasira, yeye amekaa na aibu, na jibu lilikuwa kwenye sanduku langu chini ya magauni.

Jana asubuhi nikamfuata katibu wa kamati kabla hawajaanza. Nikamwambia nilitafsiri vibaya. Akaniangalia, akasema, "Hilo huwezi kuniambia mimi mlangoni. Utalisema ndani, mbele ya wote, na litaandikwa kwa jina lako. Uko tayari?"

Dada Stella, msimamizi wetu wa chai, alikuwa karibu, akasikia. Akanivuta pembeni. "Rukia, wewe umetumwa chai. Ukikaa kwenye kile kiti, usirudi kwangu kushika chupa. Wakubwa hawapendi mhudumu mwenye mdomo."

"Nimesikia, dada," nikasema, nikamkabidhi chupa.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa nini hukusema hivi jana?"

"Nilitaka kusema kwa adabu, mheshimiwa."

"Adabu kwa nani?"

Bi Mwajuma alikuwa ananitazama mdomo. Mwenyekiti akaagiza shahidi aulizwe upya tangu mwanzo, nami nitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, nisiongeze wala nisipunguze. Nikafanya hivyo. Nilipofika "mikono mitupu," Bi Mwajuma akaiinua yake, akaiweka juu ya meza mbele yao, viganja juu. Hakuna aliyemwambia.

Nilipofika kwenye jina la Mama mkubwa nikakwama. Mbunge mmoja akanisogezea glasi ya maji, glasi niliyoiweka pale mwenyewe asubuhi. Lakini Bi Mwajuma hakusubiri, alilitaja mwenyewe, kwa sauti: "Zuhura." Mwenyekiti akauliza jina kamili. Nikalitaja, pamoja na la babu. Likaandikwa.

Mwenyekiti akasema yule bwana wa pikipiki na aliyemtuma watatafutwa, waje waeleze. Lini, sijui. Wiki hizi chumbani mle nimesikia maswali mengi kuliko majibu, kwa hiyo sikuahidi chochote, wala wewe usimwahidi mtu. Nilichohakikisha ni kwamba ile "ndiyo" yangu imesahihishwa. Nilimwomba katibu anionyeshe, akanionyesha.

Dada Stella hakunifukuza. Amenihamishia nyuma, naosha vikombe, siingii tena vyumbani. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi na hajasema kitu. Mikono yangu sasa nayo imelowa mpaka imesinyaa.

Mama, mimi ndiye niliyekuwa na ushahidi nikanyamaza, na mimi ndiye niliyepewa kinywa cha mtu nikakitumia vibaya. Hasira yako ukiwa nayo bado, nipe mimi. Huyo mlangoni mwitikie. Aliyeosha maiti pamoja na dada yako mpaka mwisho ni yeye, na hakuna mwingine aliye hai anayejua Zuhura alikuwa anasema nini njiani wakirudi. Jana alinisimulia kidogo, nikacheka mpaka machozi. Mwambie akusimulie na wewe. Mtandikie mkeka ndani, si uani.

Nisalimie baba mdogo wa bondeni, mwambie kikohozi chake akakipimishe. Nisalimie mke wa kaka na mtoto wake mpya nisiyemjua sura, na shangazi anayeuza alizeti, na Idi ambaye namba yangu anayo ila vidole vyake ni vizito.

Niombee dua, Mama. Mimi nakuombea kila sala.

Mwanao,
Rukia

Ijumaa, alfajiri. Upepo umetulia, baridi ile ile. Basi linaondoka saa moja, Bi Mwajuma anajifunga kanga. Jana kabla hajalala aliniomba mafuta ya mgando, nikampaka mikono. Yeye alisinzia hapo hapo. Mimi nilipata usingizi saa saba kasoro robo.