Kengele Inayosema Di

Bukura,
Jumapili baada ya ibada

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini mguu wake umepona, na kwamba mvua imewafikia huko Mautuma kabla mahindi hayajanyauka. Sisi huku tu wazima.

Uliniuliza kama dada yako, Senje Rasoa, bado anasema atahama Bukura aje kukaa nanyi kwa sababu majirani wamemtupa. Baba, hawakumtupa. Nilimkuta jirani yetu Mama Fanisi kisimani akaniambia, "Tumepiga hodi mpaka koo zikakauka. Siku hizi senje yako anajivuna." Nilijitwika maji yangu nikaondoka, unanijua. Lakini nilielewa: masikio ya Senje yamepungua nguvu, naye anaona haya kusema.

Basi nikatengeneza kengele ya mlango. Nilichukua waya wa redio mbovu nikauzungusha kwenye kijibomba cha plastiki, na ndani nikatia msumari mnene wenye springi. Huku na huku nikaning'iniza vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja kifupi na kimoja kirefu. Ukibonyeza swichi, umeme wa betri unaugeuza waya kuwa sumaku inayouvuta msumari, nao unagonga kile kifupi: ho. Ukiachilia, springi inaurudisha, unagonga kile kirefu: di.

Niliijaribu Senje akiwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Ni mgeni gani huyu anasema di, di, di?"

Kumbe sauti nyembamba haimfikii, ila ile nzito. Tulicheka mpaka obusuma aliokuwa akisonga ukaungua. Nilitaka kubadilisha bomba fupi, akanikataza. "Wacha. Di inanitosha."

Jana nilijikaza, nikaenda kumwomba Mama Fanisi aje abonyeze swichi. Akabonyeza, kisha akapiga hodi vilevile, eti haingii nyumba ya mtu kwa kidole.

"Karibu," Senje akaitika.

Mama Fanisi akasimama mlangoni. "Kumbe ulikuwa hunisikii tu?"

"Hata sasa sikusikii. Ingia ukae karibu."

Walimaliza birika mbili za chai. Leo wamekuja wengine watatu, na kila mmoja anataka kubonyeza mwenyewe.

Msalimie Kukhu, mama yako, na umwambie mdogo wangu Isaka asifungue redio ya nyumbani kutafuta waya.

Senje naye ana neno. Anasema kile chumba ulichomwandalia huko, weka mahindi.

Ni mimi binti yako,
Doreen