Baraka ya Njia ya Kurudi

Itebero, Jumapili

Miguu inauma, na leo sikubeba hata gunia moja. Nilikwenda na Wakristo wa hapa katika hija mpaka kwenye msalaba wa kilimani.

"Kaka, kila siku unatembea na mizigo ya watu," katekista aliniambia asubuhi. "Leo tembea na Mungu. Yeye haiko muzito."

Msalabani akasema hija ni kumwendea Mungu ili urudi nyumbani mtu mpya. Kisha akataka kila mmoja ataje kwao, ili yeye katekista abariki njia ya kurudi huko.

Kwetu ni Kirolirwe. Lakini mke wangu alikimbia vita vya huko, sijui yuko wapi, na simu yake haipatikani tangu Pasaka.

Zamu yangu ilipofika nikataja Itebero, hapa ninapobeba mizigo. Katekista akabariki, nami nikasema amina.