Koleo Namba Tatu

Jumatatu, 3 Mei 1954

Kusaga vali za lori la maziwa tangu asubuhi. Mvua. Mikono inanuka petroli hata baada ya sabuni.

Saa sita ndugu yangu mkubwa, Wekesa, akafika gereji na pikapu yake mpya, amekasirika. Hubeba mayai na kuku kutoka Mabanga hadi hoteli ya Wazungu hapa Kitale, na mpishi hununua kwa anayefika wa kwanza. Wiki iliyopita alipitwa mara tatu kwenye kilima cha Kamukuywa, tena na lori kuukuu. Ati gari jipya linapanda kama bibi kizee. Anataka niiongezee injini nguvu.

Nikamwambia angoje. Gari jipya huja limebanwa. Kiwandani hutia bati dogo kwenye koo la kabureta ili injini isikimbie kabla haijazoea, kisha hufunga waya kwa muhuri wa risasi, ile madini laini. Muhuri ukikatwa kabla ya miezi sita, waranti imekufa. Injini ikiharibika, shauri yako.

Akaniuliza hiyo miezi sita watoto wake watakula waranti?

Jumatano, 5 Mei

Napima, sipati usingizi mzuri. Upande mmoja waranti ya Wekesa na kazi yangu. Upande wa pili, Wekesa huyo huyo aliuza ng'ombe wawili nikasome Lugulu. Kuna na la tatu, ambalo simwambii mtu. Nataka kuifanya hiyo kazi. Nimechonga injini za Wazungu za mashindano, vikombe wakachukua wao. Gari la mtu wangu sijaligusa hata moja.

Muhuri si taabu. Kila fundi hapa ana koleo lake la kubania risasi, lenye namba mdomoni inayobaki kwenye muhuri. Namba yangu ni mbili. Kariuki, mwenzangu wa meza moja, ni tatu. Makoleo hukaa kwenye misumari ukutani.

Jumamosi, 8 Mei

Tulifunga saa saba. Nilichukua koleo nikalitia mfukoni. Haraka haraka, watu wanatoka. Nililochukua ni la Kariuki, lilikuwa karibu na mlango. Nitalirudisha Jumatatu mapema.

Jumapili, 9 Mei

Sikwenda kanisani. Tumeshinda nyuma ya nyumba yangu hapa Matisi, mimi na Wekesa. Nimetoa bati. Nimekisugua kichwa cha injini kwa msasa juu ya kioo mpaka mabega yakawaka, nikaweka gasketi nyembamba, nikawahisha moto wa plagi kidogo. Halafu waya, risasi, koleo. Muhuri safi. Namba tatu.

Tukaipeleka mlimani. Ilipanda bana! Wekesa alicheka mpaka machozi, akanipiga begani kama tulipokuwa wadogo. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatatu, 17 Mei

Wekesa anafika hotelini wa kwanza kila siku. Ameniletea jogoo. Nilimkaribisha Kariuki, tukala pamoja na mke wake Wangari.

Kariuki amezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia, baba yake alikuja kulima shamba la Mzungu. Lakini ni Mkikuyu, na tangu serikali itangaze Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau hatembei bila pasi, na pasi haina maana bila sahihi ya Meneja wa gereji. Hana kazi, hana pasi. Hana pasi, ni lori la polisi mpaka kambi ya kizuizini. Alisema hayo huku anatafuna, kama mtu anayezungumzia bei ya mahindi. Nikamwongezea nyama.

Jumatano, 2 Juni

Imekufa. Kilima kile kile. Pistoni imetoboka tundu la kuingia kidole gumba. Wekesa amevutwa na trekta mpaka gereji, na kitabu cha waranti mkononi.

Najua kilichotoboa. Moto niliuwahisha mno.

Alhamisi, 3 Juni

Meneja aliifungua injini mwenyewe. Akaona bati halipo, kichwa kimesuguliwa. Akaushika muhuri, akausoma chini ya taa. Akamwita Kariuki.

Wekesa aliapa kwamba aliliacha gari gereji siku moja likaangaliwe, hajui liliguswa na nani. Meneja hajui kama ni ndugu yangu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi.

Kariuki alisema, "Bwana, muhuri ni wangu. Mkono si wangu."

Amepewa mpaka Jumamosi saa sita aseme ni mkono wa nani. Na Meneja ameamua: kama kosa ni la fundi wa gereji, mwenye gari hana hatia. Waranti itasimama. Wekesa atapata injini mpya.

Yaani nikinyamaza, Wekesa anapona na Kariuki anakwenda. Nikisema, Wekesa anabaki na chuma kisichotembea, nami sina kazi. Nimeligeuza kila upande. Ni hilo hilo.

Ijumaa, 4 Juni

Wekesa alikuja asubuhi. Aliona usoni mwangu nataka kusema. Akanishika mkono, akasema polepole, "Wewe nyamaza tu. Yule si mtu wetu."

Nilimchukia. Halafu nikafanya alivyosema.

Mchana Kariuki aliniuliza koleo lake lilikuwa wapi Jumamosi ile ya mwezi uliopita alipolikosa. Nilimwambia kwenye msumari. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akarudi kufunga magurudumu. Alimaliza gari lile vizuri, kila nati.

Jumamosi, 5 Juni

Saa sita ilifika. Kariuki hakutaja mtu. Angeweza. Meneja akaichana pasi.

Mimi ni mwoga. Niandike hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Juni

Lori la polisi lilisimama hapa Matisi alfajiri. Wangari na watoto wawili, sufuria, godoro moja. Kariuki alipanda wa mwisho. Majirani tulisimama milangoni. Aliniona. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Jumanne, 8 Juni

Nimesema. Niliingia kwa Meneja kabla ya kazi, nikaeleza yote: ndugu yangu, kioo, msasa, koleo. Nikamwomba amrudishe Kariuki, anifukuze mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema karatasi imeshakwenda kiwandani, injini iko njiani, na yule mtu hayuko tena mikononi mwake. Hawezi kuandika barua ya pili kusema ya kwanza ilikuwa uongo. Na anao mafundi wawili tu sasa. Nirudi kazini.

Siku nne nzima ningeweza kusema, na neno lingekuwa na kazi. Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Leo nimemwona mjukuu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Juni

Injini mpya imefika. Meneja alinipa mimi niifunge. Wekesa alisubiri nje, kofia mkononi, hakucheka. Anasema atapanda mlima polepole. Nimemwambia asije nyumbani kwanza. Nimefunga muhuri kwa koleo langu.

Halafu watu wakaenda kula, nikabaki peke yangu. Msumari wa Kariuki haujapata mtu. Koleo lake bado linaning'inia, amelizungushia kitambaa mpini ili lisiteleze.

Tarehe nane Mei niliandika kwamba nilichukua lililokuwa karibu na mlango. Leo nimesimama mlangoni nikaangalia. La Kariuki liko mwisho kabisa, nyuma ya meza, na misumari haijawahi kuhamishwa. Lililo karibu na mlango ni langu.