Mwanafunzi Niliyemtunga Amekuja na Magongo

Mpendwa mshauri, shikamoo, sina mwingine wa kumwambia haya, na tafadhali jina langu na la shule usiyataje, maana mkuu wetu hulisoma gazeti lako kuanzia ukurasa huu ndipo aende kwenye habari.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kasulu, kwetu ni Same, na mwezi wa pili mwaka huu wa 2014 nilienda semina ya siku tatu Kigoma mjini juu ya kufundishia kwa mtandao, nikarudi na cheti na moto mwingi, nikafungua kundi la Facebook la Kidato cha Kwanza C, watoto themanini na watatu, nikawaambia waingie jioni kwa simu za kaka na shangazi zao kwa kuwa shuleni simu ni marufuku, na wiki mbili nzima hakuna aliyeandika neno isipokuwa Bwana Gharibu mwenye duka, aliyeuliza kama kuna mtu ana maharage ya njano.

Sasa mkuu wa shule, Mzee Kipriani, alikuwa ameshamtangazia afisa elimu kwamba kundi letu linawaka, nikaona aibu, nikatunga mwanafunzi. Nilitaka jina lisilo na mtu, kwa hiyo nikachukua moja kwenye orodha ya Januari ya waliochaguliwa wasiripoti, Immakulata Ntirampeba wa Munanila, kwani majina hayo yamekaa bure tu kabatini. Immakulata akaanza kuuliza maswali, akanisahihisha mimi mwalimu wake, nikamshukuru, watoto wakachangamka, wakawa wanabishana naye juu ya seli mpaka wanaitwa kula hawasikii, na kwa vile darasani wanakaa wanne wanne, kila mmoja aliamini Immakulata yuko dawati la nyuma yake. Wakamchagua monita kwa kura hamsini na tisa. Mahudhurio naita mimi, nikawa namwekea alama ya kuwepo.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano, mkuu alipoamua kwamba Immakulata ndiye atakayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nikamlaza hospitali. Niliandika kwa jina lake kwamba ameanguka, mguu umevunjika, yuko hospitali ya misheni, nikasahau kwamba Waha, wenyeji wa huku, hawamwachi mgonjwa peke yake. Jumamosi watoto kumi na mmoja wakiongozwa na Obedi walibeba ugali, maharage na mkungu wa ndizi, wakaenda mpaka wodini, wakauliza, "Immakulata Ntirampeba yuko wapi?" na muuguzi akawajibu, "Kitanda cha sita."

Mshauri, YUPO. Na mguu umevunjika kweli, alianguka na baiskeli yenye mzigo wa ndizi. Obedi anasema walipomwambia darasa zima linamsalimu alilia sana, akasema, "Baba mdogo aliniambia shule haikuniita. Kumbe mulikuwa munanitafuta?" Wakampongeza kwa umonita. Alipowaambia biolojia hajui hata moja walicheka, wakasema wenye akili ndivyo wanavyojishusha.

Siku ya kufunga shule alikuja na magongo mawili mpaka mlango wa ofisi yetu, akanisalimu kwa Kiha. "Mwakeye, mwalimu. Niko nimepona kidogo. Dawati langu ni lipi?" Nilimwambia arudi tarehe saba Julai tukifungua, nikaingia chooni nikakaa dakika arobaini. Bi Zaitun, huyu ni nani? Nimemuumba? Nimefunga na kuomba, sijapata jibu. Nawaza kumwambia mkuu kwamba ni tapeli aliyeiba jina la mwanafunzi wetu, afukuzwe, kazi yangu ipone. Nifanyeje?

Mwalimu E., Kasulu

Bi Zaitun anajibu:

Mwalimu E., pole, ingawa ninakupa nusu tu. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji, kisha nikaisoma barua yako tena, kicheko kikaisha.

Hujaumba mtu. Mungu hahitaji msaidizi mwenye cheti cha semina. Uliiba jina, na mwenye jina alikuwa Munanila anabeba ndizi, akiamini hakuna aliyemwita. Ulikuwa na orodha, na simu, na miguu. Kumtafuta kukakushinda, ukaona rahisi kumtunga! Halafu leo mwizi awe yeye? Huna haya? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwako.

Jambo moja nakusifu: watoto kubishana juu ya seli wakasahau chakula, hicho ni kipaji. Kitumie na ukweli.

Leo hii nenda kwa Mzee Kipriani umweleze yote, hata maharage ya Gharibu. Atafoka. Mwache afoke, na onyo akikupa lipokee kwa mikono miwili, unalistahili. Ukichelewa atayasoma hapa, wewe mwenyewe umesema anaanza na ukurasa huu. Kisha nendeni wote wawili Munanila mkazungumze na huyo baba mdogo, mtoto aandikishwe. Umonita aukubali au aukatae mwenyewe. Akaunti ifute, lakini yale maswali uliyouliza kwa jina lake yanakili kwanza, maana sasa utamfundisha yeye majibu. Na orodha ile itoe kabatini, naamini haikuwa na jina lake peke yake.

Tarehe saba fungua daftari la mahudhurio, lile ulilomwekea alama miezi mitatu akiwa hayupo. Ita jina lake. Halafu nyamaza, umsikie akiitika.